Wembe wa babu wenye kutu: kabla hujampa fundi wa baiskeli

«Shikamoo fundi. Babu yangu alikuwa kinyozi hapa Mwanza, upande wa Kirumba, tangu sijazaliwa. Alipofariki nikaachiwa kisanduku chake cha kazi. Ndani kuna wembe wa zamani wa kukunja. Shingoni umeandikwa Solingen na kuna picha ya mti. Upande mmoja una kutu nyekundu na madoa meusi, na makali yana pengo dogo karibu na ncha. Mpini ulikuwa mweupe, sasa umekuwa wa njano kama jino. Kuna pia mkanda wa ngozi uliokakamaa, na jiwe la njano lililobandikwa juu ya jiwe jeusi, limelika katikati. Fundi wa kunoa visu anayepita na baiskeli anasema atauweka sawa kwa shilingi 1,000, dakika 5 tu. Mjomba anasema niuloweke kwenye ndimu usiku kucha, kisha niusugue kwenye mwamba kama wazee walivyonoa visu. Nataka ninyolee ndevu zangu, na pengine na za wadogo zangu. Nianzie wapi, na je, utapona kweli?»

Marahaba, mwanangu, na pole kwa kuondokewa na mzee. Naona una hofu mbili: kuuharibu wembe ambao hautapata wa pili, na kuuacha sandukuni mpaka kutu iumalize. Kwa jinsi ulivyoueleza, nafasi ya kupona ipo, tena nzuri. Ila usimpe fundi wa baiskeli, usiuloweke kwenye ndimu, na usiupeleke mwambani. Nitakupa sababu ya kila moja, kwa kuwa washauri hawataisha na mimi sitakuwepo kila wanapokuja.

Fundi wa baiskeli simdharau. Panga, shoka na kisu cha jikoni atakunolea vizuri. Tatizo ni jiwe lake: linazunguka kwa kasi, kavu, na linatoa cheche. Cheche ni chuma kilichoshika moto. Chuma cha wembe kilichomwa kiwandani kikazimishwa ghafla, kikawa kigumu lakini chepesi kuvunjika, kisha kikapashwa tena polepole kwenye nyuzi 200 hivi za Selsiasi ili kivumilie. Ukikipasha kupita hapo, ugumu unatoka. Alama yake ni rangi: kwanza manjano hafifu, halafu kahawia, halafu zambarau, na kikikaribia nyuzi 300 kinageuka bluu. Kwenye panga joto lina chuma kingi cha kusambaa. Kwenye makali ya wembe halina pa kwenda, na hiyo bluu inatokea kufumba na kufumbua. Pakishakuwa bluu hapashiki tena makali ya kunyolea. Utanoa, utanyoa shavu moja, makali yamelala. Hakuna jiwe linalorudisha ugumu uliotoka.

Madhara ya pili ni ya umbo, na hapa naomba utulie, maana ndiko uliko ufunguo wa kazi yote.

Fungua wembe uutazame kutokea nchani. Utaona mgongo mnene, na mbavu mbili zilizokwanguliwa kuingia ndani mpaka kwenye makali. Wengi wanadhani mgongo ule ni wa kuupa wembe uzito tu. Kumbe mgongo ndio kipimo. Wembe wa aina hii unanolewa ukiwa umelala bapa kabisa juu ya jiwe, mgongo na makali vikigusa kwa wakati mmoja. Pembe ya makali haiamuliwi na mkono wako. Iliamuliwa na aliyeuchonga, kwa unene wa mgongo na upana wa ubapa. Wembe wenye upana wa milimita 16 na mgongo wa milimita 4.5 unatoa pembe ya nyuzi 16 hivi, wakati kisu cha jikoni mara nyingi kina 30 au 40. Na kila unaponoa, mgongo nao unalika kidogo pamoja na makali, kwa hiyo vyote vinapungua kwa pamoja na pembe inabaki karibu ileile. Ndiyo maana wembe mmoja unaweza kunyoa vizazi viwili, vitatu. Anayegusa makali peke yake kwa jiwe la kuzunguka, huku akikadiria pembe kwa macho, anavunja hesabu hiyo. Kuirudisha ni kuondoa chuma kingi sana, na chuma cha wembe hakiongezeki.

Kuhusu mwamba, mwambie mjomba kwa heshima kwamba wazee walikuwa sahihi kwa visu vya kuchinjia na majembe. Miamba yetu ya Mwanza ni graniti. Ni mchanganyiko wa chembe za madini tofauti, kila moja na ugumu wake, na nyingi ni kubwa kiasi cha kuonekana kwa macho. Makali ya wembe ulionolewa vizuri hayafiki unene wa mikroni 1, yaani sehemu ya 1,000 ya milimita. Chembe ya graniti unayoiona kwa macho ni kubwa mara elfu kadhaa kuliko makali hayo. Haiyanoi, inayamega.

Ndimu nayo ni asidi. Inakula kutu, kisha inaendelea kula chuma, na panapoharibika kwanza ni palipo pembamba, yaani kwenye makali. Asubuhi utautoa ukiwa wa kijivu kilichofubaa na ule mti umefifia. Halafu asidi inaingia kwenye tundu la ribiti, pale wembe unapojikunjia, na huko huwezi kuisuuza ikatoka yote. Siki na soda ni hivyohivyo.

Sasa tuje kwenye ulichonacho. Solingen ni mji wa Ujerumani wenye sifa ya visu na nyembe kwa karne nyingi, na tangu mwaka 1938 jina hilo linalindwa na sheria ya nchi hiyo. Mti ni alama ya Böker, kampuni iliyoanzishwa huko mwaka 1869. Tazama kama pameandikwa pia «Germany». Uingereza kwa sheria ya 1887, na Marekani kwa ile ya 1890, zilianza kudai bidhaa za nje zioneshe zilikotoka, kwa hiyo neno hilo likiwepo, huenda wembe si wa kabla ya hapo. Usikimbilie kusema uliletwa na Wajerumani wa enzi ya ukoloni. Nyembe za Solingen ziliendelea kuuzwa duniani kote baada yao, na zinatengenezwa mpaka leo.

Kinachonipa wasiwasi kuliko kutu ni mpini, na naomba uutazame kabla hujashika kitambaa chochote. Mpini mweupe uliogeuka njano unaweza kuwa mfupa, seluloidi au pembe ya ndovu. Mfupa una vitobo na vistari vidogo vyeusi, mabaki ya njia za damu. Seluloidi ni plastiki ya zamani. Iliyoigiza pembe ya ndovu huwa na mistari iliyonyooka na kulingana mno, na ukiisugua kwa kidole mpaka ipate joto inanukia kafuri. Pembe ya ndovu haina vile vitobo, na penye mkato wake, mara nyingi mwishoni mwa mpini, utaona mistari myembamba inayopishana kama nyavu. Yapo mafundi watakaokwambia uchome sindano ya moto ili ujue. Usithubutu. Seluloidi inashika moto haraka sana, na pembe ya ndovu utakuwa umeitoboa bure.

Ikiwa ni seluloidi, angalia kama kutu imekaa pale tu ubapa unapolala ndani ya mpini. Seluloidi inayooza hutoa mvuke wenye asidi, nao hutafuna chuma kilicho karibu. Mpini wa namna hiyo hauponi, unabadilishwa, na wembe wake haufai kukaa boksi moja na nyembe nyingine. Ikiwa ni pembe ya ndovu, jambo limetoka kwenye ufundi limeingia kwenye sheria. Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, kumiliki nyara za serikali bila kibali ni kosa kubwa, na kusema ulirithi hakutoshi. Usiuuze, usimpe mtu, usisafiri nao nje ya nchi. Muone mwanasheria kwanza, kisha ofisi ya wanyamapori, uelekezwe. Nyembe nyingi za aina hii zina seluloidi au mfupa, kwa hiyo usikose usingizi, lakini hakikisha.

Baada ya mpini, muombe fundi saa au sonara akuazime ile lenzi yake ya kubana jichoni. Pengo la nchani halinisumbui sana. Likiwa dogo linanolewa mpaka liishe, ubapa unapungua upana kidogo tu. Ufa ndio wenye hatari. Pangusa ubapa kwa mafuta ya cherehani, ukaushe kwa kitambaa, usubiri kidogo, kisha tazama makali kwa lenzi huku mwanga ukitokea nyuma. Penye ufa, mafuta yaliyonywewa hurudi juu yakachora mstari mwembamba. Wembe wenye ufa usinyolee, hata ukiwa mkali namna gani, maana kipande kinaweza kukatika juu ya shavu.

Kutu nyekundu hutolewa kwa mafuta na subira. Lowesha kwa mafuta ya taa au ya cherehani, uache saa kadhaa, kisha sugua kwa msasa wa maji namba 1000 au waya laini kabisa, ukiwa umeulaza ubapa juu ya ubao ili makali yasining'inie hewani. Mwendo wa mkono ni kutoka mgongoni kuelekea kwenye makali, unaishia hapo unainua. Usisugue kwa kufuata urefu wa makali; vidole vingi vimepasuka hivyo. Usikaribie maandishi wala picha ya mti. Madoa meusi yaliyo laini uyaache. Ni ngozi ya zamani ya chuma, inasaidia kuzuia kutu mpya, na mimi nauona wembe wenye madoa yake kuwa mzuri kuliko uliong'arishwa ukawa kama kijiko. Kung'aa na ukali ni vitu viwili tofauti. Ila chini ya kutu ukikuta vishimo vilivyofika mpaka kwenye makali, jua kwamba unaponoa chuma kitamegeka hapo, na itabidi kunoa mpaka upate chuma kizima. Likishindikana hilo, wembe unabaki kumbukumbu.

Lile jiwe la njano usilitupe. Sitaapa bila kuliona, lakini jiwe la njano lililobandikwa juu ya jeusi ndivyo yalivyouzwa mawe ya kotikuli, yanayochimbwa kwenye milima ya Ardennes nchini Ubelgiji. Ndani yake kuna chembe ndogo mno za ganeti, madini magumu yanayokwangua chuma, na vinyozi wa zamani waliyathamini sana. Huenda jiwe hilo lina thamani kuliko wembe. Likiwa limelika katikati, wembe hauwezi kulala bapa, kwa hiyo lisawazishe kwanza. Bandika msasa wa maji namba 400 juu ya kioo kinene, chora mistari ya penseli juu ya jiwe, mwagia maji na usugue mpaka mistari yote ifutike. Ikishafutika acha, kwa sababu tabaka la njano mara nyingi ni jembamba.

Kotikuli peke yake itakuchosha kwenye lile pengo. Linahitaji jiwe la kunolea la namba 1000. Ukilikosa, msasa wa maji wa namba hiyo kutoka maduka ya rangi za magari, uliolala juu ya kioo kwa maji bila kukunjana, unaweza kuanza kazi, ingawa haufai kumalizia. Weka tabaka moja la tepu ya mafundi umeme juu ya mgongo wakati wa kuondoa pengo, mgongo usilike bila sababu, na uibadilishe inapochakaa. Kisha paka maka peni kwenye ule ukingo mwembamba wa makali pande zote mbili na upitishe wembe jiweni mara chache. Wino uliofutika unakuonesha jiwe linapogusa. Uliobaki unakuonesha pasipoguswa bado. Hapo hubahatishi tena.

Wembe unasukumwa makali yakitangulia, ukitoka kwenye kisigino, yaani mwisho wa makali ulio karibu na mpini, na kuishia nchani kwa mshazari, bila kukandamiza. Uzito wake wenyewe unatosha. Unapogeuza, bingirisha juu ya mgongo, makali yaangalie juu. Usiondoke namba 1000 mpaka makali yanyoe nywele za mkono kila sehemu, kisigino mpaka ncha. Hapa ndipo wanaojifunza wanapokwama: wanakimbilia jiwe laini wakati pande mbili za ukingo wa makali hazijakutana, wanasugua wiki nzima, kisha wanalaumu chuma. Jiwe laini halitengenezi makali, linalainisha yaliyokwisha kupatikana. Zikishakutana, toa tepu, nenda kwenye kotikuli. Anza na maji mazito ya jiwe lenyewe, yanayopatikana kwa kulisugua na kijiwe kidogo cha aina yake, uyapunguze taratibu kwa matone ya maji safi, na umalizie kwa maji matupu. Kwa kuwa tepu imetoka, pembe inabadilika kidogo, kwa hiyo rudia maka peni uhakikishe jiwe linafika ukingoni kabisa.

Mkanda wa ngozi unafuata mawe, na utauhitaji kila kabla ya kunyoa. Hapo mwendo unageuka: mgongo unatangulia, makali yanafuata nyuma. Ukikosea, utaukata mkanda na kuyaharibu makali kwa mkupuo mmoja. Ngozi iliyokakamaa ifute kwa kitambaa chenye unyevu na sabuni kidogo, ikauke kivulini, kisha isugue kwa kiganja na mafuta kidogo ya ngozi mpaka ilainike. Ikiwa imepasuka, fundi viatu mzuri atakukatia ngozi ya ng'ombe iliyo laini upande mmoja. Uvute mkanda ukaze. Ukilegea unakunja makali.

Nimefika kwenye wadogo zako, na hapa jibu langu ni hapana. Wembe huu uwe wa mtu mmoja. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, na kuambukiza kwa damu ndogo ambayo hata huioni. Jik itaua vijidudu, lakini itautafuna wembe. Maji ya kuchemka yanapunguza hatari, ila hayaaminiki kwa mbegu za pepopunda. Vifaa vya kuuweka salama kati ya mtu na mtu vipo hospitalini, na joto na mvuke wake utaumaliza mpini. Wadogo zako wanunulie wembe wa kushikia viwembe vya kubadilisha, kila mmoja na chake. Wewe mwenyewe, kabla ya kuutumia kwa mara ya kwanza, uoshe kwa sabuni, ukaushe, kisha uupanguse kwa spiriti ya duka la dawa. Kama hukumbuki lini ulichomwa sindano ya pepopunda, pitia zahanati kwanza. Na ukijikata damu ikakataa kusimama hata baada ya kukandamiza kwa kitambaa safi, usiendelee kuhangaika nyumbani.

Lipo na la ndevu zetu za kipilipili. Zikikatwa chini sana hujikunja zikachoma ngozi kutokea ndani, ndipo vinatoka vile vipele vya kidevuni na shingoni. Wembe huu unakata chini kweli. Lowesha ndevu kwa maji ya uvuguvugu, povu la kutosha, vuta ngozi kidogo tu, nyoa kwa kufuata zinakoelekea, na usirudie kwa kwenda kinyume. Kama tayari una vipele, au makovu yako huwa yanavimba, muone kwanza daktari wa ngozi. Hospitali ya Bugando hapa Mwanza wapo. Huenda akakushauri uachane na kunyoa kabisa, na ni bora umsikilize.

Ukishanyoa, suuza, kausha mpaka pembeni mwa ribiti, upake mafuta ya cherehani kidogo. Mafuta ya alizeti yanaganda yakawa gundi, usiyatumie. Ziwa letu halina chumvi kama bahari, lakini unyevunyevu wake unatosha kuleta kutu, hasa msimu wa mvua. Usiuhifadhi bafuni. Weka ndani ya boksi pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, juu kabisa, mbali na watoto.

Kusafisha na kusawazisha jiwe unaweza kuanza mwenyewe wiki hii. Lakini ukiona mstari wa ufa, makali yaliyobonyea kuelekea mgongoni, ubapa uliopinda, au ribiti inayohitaji kufunguliwa, usiendelee. Mpelekee fundi anayezijua nyembe hizi, wembe ukiwa na mafuta yake na bila kunolewa, pamoja na jiwe na mkanda, aangalie vyote kwa pamoja.